Elimu ya afya kijijini: maswali yenu, majibu yetu

Naitisha mkutano wa kijiji, watu wanajaa, wanapiga makofi. Nikipita majumbani baadaye, kila kitu kiko vilevile. Tatizo ni nini? (Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Chamwino)

Mkutano wa kijiji unafaa kutangaza tarehe ya chanjo. Kufundishia haufai: watu wako juani na nusu yao wanangoja ajenda ya mashamba. Tafuta vikundi ambavyo tayari vipo, kama vikoba, kwaya, au kina mama wanaopanga foleni kisimani. Watu 10 hadi 15, dakika 20, tendo moja. "Usafi" si tendo. Kunawa kwa sabuni kabla ya kumlisha mtoto ni tendo.

Usimalize kwa "Mmeelewa?", maana utajibiwa ndiyo hata na aliyekuwa anasinzia. Mpe mmoja vifaa umwambie: "Mama, hebu nionyeshe utakavyofanya nyumbani." Akikosea, ujue maelezo yako hayakutosha, rudia, naye aonyeshe tena. Ndani ya wiki mbili pita kwake uangalie kinachoonekana: sabuni iko wapi, kopo la kunawia limekauka au lina maji. Daftari la mahudhurio halitakwambia hayo.

Wanafunzi wangu wana vikope (trakoma, ugonjwa wa macho unaoambukiza). Nikiwaambia wanawe uso, wazazi wanasema maji yenyewe ya kunywa ni shida. (Mwalimu wa shule ya msingi, Kongwa)

Wana haki ya kulalamika, ila wengi hudhani uso unahitaji maji mengi kuliko kweli. Msibishane. Chukua nusu lita mbele ya wazazi, miminia watoto kidogo kidogo viganjani, wazazi wenyewe wahesabu nyuso zilizotakata kabla maji hayajaisha. Kinachotafutwa ni kuondoa tongotongo na kamasi, kwa kuwa ndivyo vinavyovuta nzi. Nzi, vidole na ule upande wa khanga unaofuta watoto wote ndivyo vinavyohamisha vijidudu. Bora uso ukauke wenyewe kwa hewa.

Shuleni tengenezeni vibuyu chirizi, yaani madumu ya kunawia yanayomwaga maji kidogo kidogo ukikanyaga kijiti. Dumu la lita 5 litobolewe kwa msumari wa moto sehemu ya juu, karibu na shingo, ili maji yatoke likiinama tu. Tundu likiwa chini, dumu litavuja hadi liishe. Kamba ya shingoni ishuke hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Kwa darasa la kwanza, dumu lining'inie usawa wa kifua chao, si cha mwalimu. Sabuni ifungwe kwa kamba chini ya kopo lililopinduliwa, mvua isiiyeyushe. Hata hivyo vibuyu vingi hufa kwa kukosa mjazaji, kwa hiyo zamu ya kujaza iandikwe ukutani kwa majina.

Dawa ya azithromycin inayogawiwa vijijini huua vijidudu vilivyopo, lakini haimkingi mtoto asiambukizwe tena. Mtu mzima ambaye kope zinamchoma jicho mpelekeni kituo cha afya; huenda akahitaji upasuaji mdogo.

Siku ya kliniki nina kina mama wengi na watoto wanalia. Niwafundishe ORS (dawa ya unga ya kuchanganya na maji kwa mtoto anayehara) saa ngapi? (Muuguzi, zahanati wilayani Bahi)

Asubuhi, kabla mizani haijaanza, dakika 10. Leta chupa zilizopo majumbani: mbili za nusu lita ni lita 1. Soma kwanza maandishi ya pakiti, kisha changanya pakiti nzima kwa kiasi cha maji kilichoandikwa. Makosa yanayojirudia ni kumimina nusu pakiti kikombeni kwa kukisia, na kunywesha yaliyolala. Yakipita saa 24 yamwagwe. Vidonge vya zinki, anavyopewa mtoto pamoja na ORS, huachwa mapema kwa sababu mtoto ameacha kuhara. Sisitiza siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, na 10 kwa aliye chini ya miezi 6.

Bibi wengi hapa hawajui Kiswahili vizuri. Mjukuu atafsiri? (Kondoa)

Mambo ya uzazi, hapana. Tafuta mwanamke mzima, mpitishe kwenye somo siku moja kabla, kisha sema sentensi fupi fupi.

Watu wanasema sumukuvu (sumu ya ukungu wa nafaka) ni hadithi, wamekula mahindi hayo tangu zamani. (Mtendaji wa kijiji, Chemba)

Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara, kwa hiyo wapo wanaokumbuka. Tatizo kubwa ni wakati: somo likitolewa Desemba, nafaka imeshakaa ghalani miezi. Fundisha kabla ya mavuno, na ufundishe kipimo cha chumvi. Chumvi ikaushwe vizuri kwanza. Weka vijiko viwili vitatu kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na mahindi kama theluthi ya chupa, tikisa dakika moja, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, usiharakishe kufunga magunia: kiwango salama cha kuhifadhi ni asilimia 13.5 au chini, hivyo anika tena juu ya turubai, kamwe si udongoni. Punje zilizooza, kusinyaa au kubadilika rangi zichambuliwe zitupwe, na kuku wasipewe. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Hapo ndipo utakapobishiwa sana, kwa hiyo anza napo.