Siku ya theluji: kila mtu nyumbani na raha yake

Shule zikifungwa kwa sababu ya theluji, wazazi wengi tuliotoka Afrika Mashariki huona kazi yetu ni moja: kuvalisha watoto wote, kutoka nje kwa pamoja, kupiga picha za kutuma nyumbani, kisha kurudi ndani tukitetemeka. Mimi nashauri vingine. Hapa kwetu Minneapolis, Marekani, tunaishi bibi, wazazi na watoto watatu wa umri tofauti kabisa, na nimeona kwamba theluji ileile humfurahisha kila mtu kwa njia yake. Siku huharibika pale mmoja anapolazimishwa kufurahia raha ya mwenzake.

Nianze na bibi, maana wazee ndio hukosewa zaidi. Mama yangu ni mtu wa Machame. Amezaliwa na kuzeeka akiitazama theluji ya Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, kila mawingu yanapofunguka. Mmisionari Johannes Rebmann alipoiona mwaka 1848 na kuandika habari zake, wasomi wa Ulaya walimbishia, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mama huwaambia wajukuu kwamba wakati huo wote wazee wake walikuwa wakiiona kutoka uani, na hakuna aliyewauliza. Lakini ile ni theluji ya kutazama kwa mbali. Mtu wa namna hiyo, mwenye magoti yanayouma, kumburuta kwenye barafu ili apigwe picha ni kumtesa, na akianguka akavunjika nyonga mtajuta nyote.

Mpelekee theluji alipo. Sisi hujaza beseni theluji safi ya juujuu, tukaliweka juu ya taulo mbele ya kiti chake dirishani, blanketi likiwa miguuni na chai ya tangawizi pembeni. Mara ya kwanza mama aliiminya kiganjani, akainusa, akauliza kama kweli ndiyo ile ya mlimani. Tangu hapo beseni limekuwa desturi yetu. Mdogo wetu, ambaye bado anajifunza kukimbia, hukaa chini na vikombe na kijiko, naye bibi humsimulia huku wakichota pamoja mpaka yote iyeyuke. Kwa mtoto wa umri ule nasema wazi: beseni ni bora kuliko nje. Nje atalia baada ya dakika chache, na kumvalisha peke yake kumechukua muda mrefu zaidi ya huo.

Majira ya baridi tunatofautiana na nyumbani kwa saa 9. Saa tatu asubuhi huku ni saa kumi na mbili jioni Moshi. Watu wametoka shambani na sokoni, wameketi. Huo ndio wakati wa kumpa bibi simu na kumwachia aelekeze kamera dirishani apendavyo. Ataongea na dada zake, majirani, hata watu wa kwaya. Usimharakishe. Baadaye jikoni ni kwake: mtori wa nyama yenye mfupa na ndizi mbichi tunazonunua mapema, maana dhoruba ikitangazwa maduka hujaa na ndizi huisha. Mimi humenya tu, sionji wala sikosoi.

Mwanangu wa darasa la pili ndiye mwenye theluji hasa. Yeye anataka nje, tena sasa hivi. Ushauri wangu wa kwanza kwa mzazi mwenye mtoto wa namna hii ni kuijua theluji yenyewe kabla hujaahidi mchezo. Ikiwa joto ni karibu na sifuri, theluji ina unyevu na hushikana. Siku hiyo mtafinyanga mtu wa theluji na mabonge ya kurushiana. Ikiwa ni nyuzi 15 chini ya sifuri, theluji ni kavu, humwagika mkononi, na mtoto aliyeahidiwa mtu wa theluji atakata tamaa bure. Siku kavu ni ya kuteleza kilimani kwa kile kibao cha plastiki, au kujilaza chali na kuchora mbawa kwa mikono.

Mavazi ni matabaka, na la ndani lisiwe la pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho hukaa na ubaridi mwilini. Soksi ziwe za sufu. Glovu zinazounganisha vidole vinne pamoja hupasha joto kuliko zenye vidole mbalimbali, na weka jozi mbili: moja ikilowa, nyingine inakauka ndani. Paka mafuta ya mgando mashavuni na midomoni kabla ya kutoka, kwani ngozi zetu hukauka vibaya. Halafu angalia upepo, usiangalie joto peke yake. Joto la nyuzi 18 chini ya sifuri likiungana na upepo wa kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Siku ya hivyo sisi hutoka kwa vipindi vifupi, na sibishani na mtoto: nikisema ndani, ni ndani. Na asichimbe pango kwenye malundo yaliyosukumwa kando ya barabara. Dereva wa greda hamwoni mtoto aliye ndani, na lundo lenyewe linaweza kumporomokea.

Binti yetu wa sekondari, mwacheni alale. Nasema hivi kwa sababu najua malezi yetu: mtoto mkubwa akionekana kitandani saa nne asubuhi, tunahisi nyumba inaharibika. Kwake, raha ya siku hii ni usingizi na kuongea na wenzake kwa simu. Kitu kimoja tu cha kuangalia: sheria ya jimbo letu la Minnesota inaruhusu shule kutumia hadi siku 5 kwa mwaka kama siku za kusomea nyumbani kwa intaneti. Kwa hiyo soma ujumbe wa shule vizuri. Ikiwa ni mapumziko kamili, alale. Ikiwa ni siku ya masomo, mwamshe, kazi za walimu zinamsubiri.

Mume wangu ni muuguzi, na hospitali hazina siku ya theluji. Akitoka zamu ya usiku hulala kwanza, na sisi wote tunapunguza sauti. Akiamka, raha yake ni beleshi. Mimi mwanzoni niliona ni kazi ya kumwonea huruma, lakini pale nje ndipo anapokutana na majirani. Mzee wa nyumba ya pili hutoka na beleshi lake, na kila mwaka husimulia dhoruba ya Halloween ya 1991, iliyomwaga inchi 28.4 hapa mjini, yaani zaidi ya sentimita 70. Mume wangu husikiliza kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Urafiki wetu na mtaa huu umeanzia hapo, kwa hiyo simzuii. Namsisitizia tu asukume theluji badala ya kuinyanyua, apumzike kila baada ya kitambo, na akihisi kifua kinabana aache papo hapo. Kazi hii katika baridi imeua watu wenye moyo dhaifu. Ukiwa na baba au mjomba mzee nyumbani, beleshi lisiwe lake.

Akiwa nje huondoa pia theluji iliyoziba bomba la moshi la mashine ya kupasha nyumba joto. Bomba likiziba, hewa ya sumu ya kaboni monoksidi hurudi ndani, haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Ndugu zangu, umeme ukikatika msiingize jiko la mkaa ndani, hata gereji. Vaeni, mjifunike, kusanyikeni chumba kimoja. Na wenye magari mjini Minneapolis, sikilizeni kama jiji limetangaza Snow Emergency, yaani dharura ya theluji: usiku wa kwanza, kuanzia saa tatu usiku hadi saa mbili asubuhi, gari lililoegeshwa upande wowote wa barabara zenye alama ya Snow Emergency hupigwa faini na kuvutwa.

Nakuja kwako, mama mwenzangu, kwa sababu hapa ndipo siku nyingi za theluji huharibikia. Watoto wamerudi na nguo zilizolowa, bibi anataka sukari, binti ameamka na njaa, na wewe umesimama tangu alfajiri. Raha yangu mimi ni kulala mchana, mlango umefungwa, simu imezimwa. Mume wangu akishaingia kutoka kwenye beleshi, watoto ni wake na nguo zilizolowa ni zake mpaka niamke. Tulikubaliana hivyo usiku uliotangulia, tukitazama utabiri wa hali ya hewa pamoja. Nawe kubaliana na mwenzako usiku huo huo, na mtaje saa kabisa, maana kukicha kila mtu atakuwa ameshachukua muda wake.