Uzamili wa ustawi wa jamii ukiwa kazini

Dada wa Mafinga, nimekuelewa: wewe ni afisa ustawi wa jamii, unataka kusoma uzamili bila kuacha kazi. Inawezekana. Chuo Kikuu Huria kina kituo Iringa mjini. Kaulize ada na ratiba, uhakikishe programu inatambuliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Kabla hujalipa chochote, pata ruhusa ya mwajiri kwa maandishi. Mimi niliridhika na "sawa" ya mdomo. Bosi akahamishwa, mitihani ikanikuta sina karatasi yoyote mkononi. Iliniuma sana.

Nilikuwa nasoma saa kumi alfajiri, blanketi mabegani, baridi ya Juni, kabla watoto hawajaamka. Muhula wa kwanza chukua masomo machache. Na kesi za kazini zikianza kukunyima usingizi, usijikaze: ahirisha masomo, umwone mshauri nasaha.