Jina la Nowell liko ukurasa gani?

Insha yangu ya kwanza kuhusu miswada ya kale ilirudi imejaa wino mwekundu. Nilikuwa nimeandika, tena kwa kujiamini, kwamba juzuu yenye Beowulf, shairi refu la Kiingereza cha kale, ile inayotunzwa British Library jijini London, yote ilikuwa mali ya Laurence Nowell, msomi wa Kiingereza wa karne ya 16. Ushahidi si ninao? Jina lake limo, na mwaka kautia, 1563. Mwalimu aliniuliza swali moja tu: jina liko ukurasa gani?

Sikuwa nimeangalia. Kumbe liko ndani huko, mbali na mwanzo. Juzuu hiyo ni vitabu viwili vilivyojalidiwa pamoja, na wataalamu wengi huuweka muungano huo karne ya 17. Cha mbele kilinakiliwa karne ya 12, kikawa cha watawa wa Southwick, Hampshire, ambao waliandika humo laana kwa yeyote atakayekichukua au kufuta maandishi yao. Cha nyuma, chenye Beowulf, ni cha karibu mwaka 1000, na Nowell alitia jina kwenye ukurasa wake wa kwanza. Basi laana ya Southwick haimlindi Beowulf, na jina la Nowell halifiki kwenye kitabu cha watawa.

Tangu hapo, kabla ya kuuliza nani alimiliki, nauliza nini kiliunganishwa na nini. Wadudu ni mashahidi wazuri. Matundu waliyotoboa mwishoni mwa Beowulf hayaendelei kwenye shairi la Judith linalofuata, na mdudu haruki karatasi. Mashairi hayo hayakufuatana hivyo tangu mwanzo.

Usidanganywe na namba ya rafu pia. Juzuu hii huitwa Cotton Vitellius A. xv, nami nilipoteza jioni nzima nikimtafuta Kaisari Vitellius anahusikaje. Hahusiki! Sir Robert Cotton, mkusanyaji wa miswada aliyekuja kuimiliki, alikuwa na makabati yenye sanamu za vichwa vya watawala wa Roma. Hii ilikaa chini ya Vitellius, rafu ya kwanza (A), kitabu cha 15 (xv).

Jalada lenyewe ndilo linalotaka subira. Tarehe 23 Oktoba 1731 moto ulizuka Ashburnham House, Westminster, maktaba ya Cotton ilipokuwa imehifadhiwa. Juzuu iliokolewa, lakini kingo za kurasa zake, ambazo ni za ngozi, ziliungua, zikawa zinamomonyoka kila iguswapo. Mwaka 1845, chini ya Frederic Madden wa British Museum, ilikotunzwa wakati huo, kila karatasi ilitiwa peke yake ndani ya fremu ya karatasi. Mimi simlaumu, bila fremu hizo tungebaki na majivu. Ila kingo za fremu zilifunika baadhi ya herufi, na baadhi zilikuwa zimeshadondoka. Kwa hizo, soma nakala mbili za shairi za Thorkelin, Mwaislandi aliyefika London miaka ya 1780, kabla ya fremu hizo, na tafuta picha zilizopigwa taa ikiwa nyuma ya karatasi.

Na ukikuta mtu anaeleza karatasi za mswada huu zilivyokunjwa na kushonwa hapo awali, chunguza ameona au amekisia. Tangu 1845 kila karatasi imesimama peke yake, na mishono ya zamani haipo tena.