Dada mkuu, netiboli na alama 41 za Fizikia

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha tatu, shule ya bweni, mkoani Kigoma. Ni dada mkuu, na kwenye timu ya netiboli nacheza senta. UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya imekaribia. Kidato cha pili nilipata 58 ya Fizikia, muhula huu nimepata 41, na ndoto yangu ni kwenda kidato cha tano kusoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia). Naamka saa kumi alfajiri kujisomea ila darasani nasinzia. Mama anataka niache netiboli. Nipange vipi ratiba yangu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza usiache kitu chochote wiki hii. Alama 41 ni D na C inaanzia 45, kwa hiyo zimekupungukia alama nne tu. Hilo ni pengo la kuzibika, mradi tujue linatoboka wapi. Nimefundisha michezo na kushauri wanafunzi kwa miaka mingi, na karibu kila mara mzazi huinyooshea kidole michezo. Nikikaa na mwanafunzi tukahesabu saa zake, mara nyingi tunakuta mwizi ni mwingine.

Chukua daftari dogo. Kwa siku saba andika kila nusu saa umeifanyia nini, palepale inapoisha. Usisubiri usiku ukaanza kukumbuka. Kuna binti mmoja, naye alikuwa dada mkuu, aliniletea daftari la namna hiyo. Netiboli ilikuwa imekula saa saba kwa wiki nzima. Uongozi ulikula saa kumi na tatu, tena nyingi ndani ya prepu, ule muda wa kujisomea usiku. Ukurasa wa Jumatano ulisomeka hivi: saa 2:10 usiku, nimeitwa, maji yameisha bwenini; 2:35, funguo za stoo; 3:05, kuandika majina ya waliochelewa; 3:30, wawili wamegombania ndoo. Katikati ya mistari hiyo alikuwa ameanza maswali matatu ya Fizikia, na hakumaliza hata moja. Aliutazama ukurasa ule kimya, kisha akasema, "Mwalimu, kumbe sikuwa nasoma."

Naamini nawe uko hapo. Mechi ina filimbi ya mwisho na kipindi kina kengele, lakini udada mkuu hauna kengele. Usipouwekea mipaka wewe mwenyewe, utaingia kwenye kila upenyo. Na swali la Fizikia halivumilii kukatizwa: ukishaandika ulichopewa, ukachora mchoro na kuchagua kanuni, ukiitwa hapo inabidi urudi mwanzo.

Kwa hiyo nenda kwa mwalimu wa malezi na matroni, uwaombe mambo mawili. La kwanza, wakati wa prepu shida zote zipelekwe kwa kiranja wa zamu. Akishindwa, ampelekee mwalimu wa zamu. Wewe uitwe kwa mgonjwa, moto au watu wanaopigana, basi. La pili, uwe na dakika ishirini maalumu baada ya chakula cha jioni, ukae mahali pamoja panapojulikana, na mwenye shida akufuate hapo. Wiki ya kwanza watanung'unika na wengine watasema unaringa. Vumilia, na uwaamini viranja wenzako na kazi uliyowapa, hata wakiifanya tofauti na ambavyo ungeifanya wewe.

Netiboli nayo ina tatizo lake, na kwetu Kigoma linatokana na jua. Sisi tuko magharibi kabisa, ila saa tunatumia ileile ya Dar es Salaam. Jua letu huchwa karibu saa moja, zaidi ya nusu saa baada ya kuchwa kule. Kocha akiona bado kweupe anaongeza dakika kumi, kisha kumi nyingine. Mnafika kuoga mmechelewa, chakula mnakimbizana nacho, na prepu unaingia mwili ungali unachemka. Kapteni wenu amwombe kocha filimbi ya mwisho ipigwe saa kumi na mbili kamili, jua liwepo lisiwepo. Siku nne za mazoezi kwa wiki zinatosha.

Sasa usingizi, na hapa sitakubembeleza. Kama mnazima taa saa nne na nusu usiku na wewe unaamka saa kumi, unalala kwa saa tano na nusu tu. Kijana wa umri wako anashauriwa kulala kwa saa nane hadi kumi. Bwenini nane ni ngumu, najua, ila lala saa nne, uamke saa kumi na moja na nusu, upate saba na nusu. Ubongo hupanga ulichosoma mchana wakati umelala, na mchezaji asiyelala vya kutosha huumia kirahisi zaidi. Hiyo alfajiri unayojivunia unailipa kwa vipindi viwili vya asubuhi unavyosinzia, ambavyo huenda kimojawapo ni Fizikia.

Fizikia na Hisabati zipe jioni zisizo na mazoezi, pamoja na Jumamosi asubuhi. Maswali matano uliyoyamaliza mwenyewe, daftari la noti likiwa limefungwa, yana faida kuliko kurasa thelathini za kusoma kwa macho. Siku ya mazoezi umechoka, chukua Biolojia au Historia: andika kwa kumbukumbu yote yaliyofundishwa leo, kisha fungua noti uone ulichosahau.

Ukichaguliwa timu ya wilaya, na Mungu akijalia ya mkoa, kutakuwa na kambi, na ngazi ya taifa kwa kawaida huangukia Juni. Kabla ya kuondoka mwulize kila mwalimu mada atakazofundisha, na umwombe rafiki mwenye mwandiko mzuri akuandikie noti. Kama ni mada ya mwanga na lenzi, usirudi ukaikopi tu. Tafuta mwalimu akufundishe ile michoro ya miale, maana haisomeki kwa kukariri.

Mwezi ukiisha na Fizikia haijarudi 45, basi kipunguzwe kitu, na ningeanza na udada mkuu. Madaraka hayo mwenzako anaweza kuyapokea na shule ikaendelea vizuri. Netiboli inakupa pumzi na usingizi mzuri, na kichwa chako kinazihitaji zote mbili.

Mama usibishane naye kwenye simu. Subiri siku ya kutembelewa, umwekee daftari mkononi, afungue mwenyewe ukurasa wa Jumatano.