Nani Ashike Mpira Sekunde za Mwisho?

Katika miaka niliyofundisha mpira wa kikapu, hakuna uamuzi uliowahi kuniumiza kichwa kama huu: dakika moja imebaki, timu zimeachana kwa pointi moja au mbili, mpira apewe nani? Kwa muda mrefu nilimpa mfungaji wangu bora bila kusita.

Mchezo mmoja ndio ulionifungua macho. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, zimesalia sekunde 11, na mfungaji wetu alipovuka mstari wa kati akidunda mpira, walinzi wawili walimvamia papo hapo. Aliinama akautazama mpira wake, asimwone mwenzake aliyesimama peke yake kwenye kona ya kulia, viganja wazi, akisubiri pasi. Akarusha huku amebanwa, mpira ukagonga ukingo wa ringi, tukafungwa. Kosa lilikuwa langu, maana nilikuwa nimembebesha kijana yule kazi mbili kwa pamoja, kuuleta mpira na kufunga.

Tangu hapo nawashauri makocha wenzangu wamkabidhi mpira mchezaji asiyepokonywa kirahisi, anayedunda huku macho yake yako uwanjani, na mfungaji aupokee mahali anapopazoea, mlinzi wake akiwa bado hajajipanga. Michael Jordan mwenyewe, katika mchezo wa sita wa fainali za NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, za mwaka 1997, Chicago Bulls na Utah Jazz zikiwa sare ya 86, alipoona mlinzi wa pili anamjia alimpasia mwenzake Steve Kerr, naye akafunga zikiwa zimesalia sekunde 5. Kwangu mimi, Jordan alistahili kuushika mpira ule kwa sababu alimwona Kerr.

Mkiwa mnaongoza, tazama kwanza nani anafunga mitupo huru, ile inayorushwa bila kuzuiwa na mlinzi. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, timu ikishafikisha faulo nne katika robo, faulo yake inayofuata kwa mchezaji mwenye mpira humpa mitupo miwili, na wapinzani walio nyuma watamchezea faulo kwa makusudi yeyote aliyeushika. Asiyeweza kufunga mitupo hiyo miguu ikiwa imechoka asiushike, hata awe hodari namna gani wa kudunda.

Jibu nililipata mazoezini. Mwishoni mwa mazoezi, wote wakiwa hoi, niliweka sekunde 20 kwenye saa, nikawaagiza walinzi wawili wambane mwenye mpira, kisha nikahesabu ni mara ngapi mpira unamfikia aliye huru. Aliyewashinda wote alikuwa kijana mkimya ambaye kwa kawaida alianzia benchi.

Kilichobaki kilikuwa kumweleza mfungaji wangu, na hilo lifanywe faraghani, kabla ya siku ya mchezo. Aliniuliza kama nimeacha kumwamini. Nilimpeleka hadi kwenye kona ya kulia, nikamwambia asimame pale na viganja vyake viwe wazi, kisha nikamwita yule kijana aanze kuuleta mpira.