Kwa padre mwenzangu anayempenda mwanaume

Mapadre wengi wa parokia tunapumzika Jumatatu. Jumapili umeadhimisha misa tatu, umebatiza, umekaa na kamati ya ujenzi mpaka giza limeingia. Jumatatu unavaa shati la kawaida unaondoka zako. Kwa miaka mitatu Jumatatu zangu zilianzia Kivukoni. Nilikuwa nashuka kwenye daladala, napita mbele ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu nikiwa nimeinamisha macho, nakata tiketi ya pantoni. Namkuta mwanaume niliyempenda ameshafika, amesimama karibu na bodaboda. Tunavuka pamoja kwenda Kigamboni.

Siku moja kola yangu, kile kipande cheupe cha plastiki, ilikuwa imechomoza kwenye mfuko wa shati. Mama mmoja aliyevaa kitenge cha WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, akaiona. "Tumsifu Yesu Kristo, Baba!" Nikaitikia, "Milele amina." Mwenzangu, bila kuambiwa na mtu, akasogea hatua tatu, akageukia maji. Yule mama alikuwa ameshatuona tukiongea, akauliza kama tumeongozana. Nikasema, "Hapana, mama. Simjui."

Habari ya Petro na jogoo, alivyomkana Yesu akisema hamjui, nimeihubiri kila Juma Kuu tangu nipate daraja. Siku ile haikunijia hata kidogo. Nilichosikia moyoni ni nafuu tu, na ile nafuu ndiyo inayonitisha hadi leo.

Naandika bila jina, mtanisamehe. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinatoa kifungo kisichopungua miaka 30, kinachoweza kufika maisha, na hilo ni kabla sijafika kwa askofu. Lakini wapo mapadre vijana walionijia, nje ya kitubio, wakiwa na mzigo huuhuu, na kila mmoja anadhani yuko peke yake katika jimbo zima.

Mimi ni padre tangu 2004. Novemba 2005 Vatikani ilitoa maelekezo kwamba wenye mielekeo hii iliyokita mizizi wasipokelewe seminarini wala kwenye daraja takatifu, na mwaka 2016 ikayarudia. Niliyasoma nikiwa nimejifungia chumbani, nikajiona kama mtu aliyepita getini muda mfupi kabla halijafungwa. Sikuwahi kumwambia mtu. Kusema kweli, upadre ulikuwa umenifunika. Katika ukoo wetu kila kijana akifika miaka 25 anaanza kuulizwa ataoa lini, mimi sikuulizwa. Kama uko seminarini na hiyo ndiyo sababu yako kubwa, ndugu yangu, toka sasa, ukiwa bado frateri. Upadre haukuumbwa uwe pazia, na utakapokuchosha utawachosha na watu wengine pamoja nawe.

Kuna ujanja ambao wengi tunautumia kimyakimya: useja ni kutooa, na mimi sioi, kwa hiyo sijavunja kitu. Nimeutumia sana. Kanuni ya 277 ya sheria za Kanisa haikuacha mwanya huo. Inadai kujizuia kikamilifu na daima kwa ajili ya Ufalme wa mbinguni. Aliyeahidi ameahidi, awe anavutwa na wanawake au na wanaume. Padre wa jimbo asijifariji eti nadhiri ni za watawa. Ahadi aliyoitoa siku ya ushemasi, mama yake akiwa amekaa kiti cha mbele anajifuta machozi kwa kanga, inambana vilevile.

Lakini soma na upande wa pili. Katekisimu ileile tunayofundishia wanaojiandaa kubatizwa, namba 2358, inasema watu wa namna hii wapokelewe kwa heshima, huruma na upole. Ni wewe unayezungumziwa pale. Mapadre wengi tunajua kuwapa wengine huruma hiyo, sisi wenyewe tunajiona hatumo.

Desemba 2023 Roma iliporuhusu mapadre kuwabariki wapenzi wa jinsia moja nje ya liturujia, kisha Januari 2024 maaskofu wa Afrika wakatangaza kwamba kwetu baraka hizo hazitatolewa, mimi ndiye niliyesimama kuwafafanulia waamini. Watu walipiga makofi. Mwenzangu wa Jumatatu si wa parokia yangu, lakini siku ile alikuja, akakaa benchi la nyuma. Usiku akaniandikia: "Umeongea vizuri. Ila hukutazama upande wangu."

Sasa nieleze kosa langu lilikuwa wapi, maana wengi mtadhani ni kile mnachokifikiria. Jumatatu tunaonana. Jumanne moyo unaniuma, naifunga namba yake kwenye simu. Jumatano naenda kuungama mbali, kwa padre mzee asiyeijua sauti yangu. Naondolewa dhambi, nalia, naahidi. Jumamosi usiku, nikishamaliza kuandaa mahubiri, naifungua namba. Na kila nilipopiga magoti nilisema maneno yaleyale tuliyofundishwa: nimeshindwa kukwepa nafasi ya dhambi. Nafasi ya dhambi! Mtu mwenye jina, fundi friji wa Tandika, anayemlipia mdogo wake ada, anayejua kwamba sili pilipili. Nilikuwa nimemgeuza shimo njiani.

Mama yake alifariki Muheza siku ya Jumanne. Namba yake nilikuwa nimeifunga asubuhi ile. Akatumia simu ya mdogo wake: "Mama ametutoka. Tunazika Alhamisi. Uniombee." Niliusoma ujumbe Jumatano nikiwa nimeshavaa stola, natoka kwenda kumzika mzee mmoja wa jumuiya. Muheza sikwenda. Nilijiambia watu watauliza padre wa Dar ametokea wapi. Mimi ninayezika kila wiki, ninayewashika mikono wafiwa nisiowajua hata majina, sikwenda. Ijumaa akaandika: "Tumeshazika. Asante kwa sala." Sala yenyewe nilikuwa sijaisali.

Ndiyo maana kabla ya kukushauri lolote juu ya nadhiri, nakuuliza: umemfanyia nini huyo mwenzako? Tumezoea kulitazama jambo hili kama kesi kati ya padre na Mungu wake, na yule wa tatu anaachwa nje kwenye jua. Acha kufunga na kufungua namba. Mwambie ukweli kwa mdomo wako. Kama unabaki padre, mwambie unabaki, na usimrudie mwezi ujao kwa sababu umesikia upweke. Kama hujui, mwambie hujui, mpe muda unaohesabika, miezi mitatu au sita, na uuheshimu. Naye ana umri unaokwenda. Naye pengine angempata mtu asiyelazimika kumkana.

Jambo lingine nitalisema bila kuzunguka. Haya yote nazungumzia watu wazima wawili, kila mmoja anajitegemea. Kama ni mtumikiaji wa altare, kijana wa kwaya, frateri aliye chini ya malezi yako, au mtu aliyekujia kwa kitubio na ushauri, usilete neno mapenzi hapo. Acha leo, jitoe kwenye nafasi uliyonayo, na kama umemuumiza mtu kajisemee mwenyewe kwa askofu na kwa vyombo vya sheria kabla yeye hajalazimika kukusema.

Na kama unayempenda ni padre mwenzako, msiungamane. Najua inavyotokea: mnaogopa watu wa nje, mnaona bora siri ibaki kati yenu. Kanuni ya 977 iko wazi kwamba kumwondolea mshiriki wako dhambi ya amri ya sita ni batili, isipokuwa katika hatari ya kifo. Na kwa sheria hizohizo za Kanisa, padre anayethubutu anajitenga na Kanisa kwa tendo hilohilo. Nendeni kwa padre mwingine, kila mmoja kivyake.

Zaidi ya muungamishi, tafuta mtu mmoja wa kuongea naye ana kwa ana, anayekuona usoni. Mimi nilimpata mtawa mzee wa shirika lingine, mbali na Dar. Nilikaa kwake siku nane za mafungo, na siku tano za kwanza nilizungumzia ujenzi wa kigango. Siku ya sita nikasema. Alinyamaza, akanimiminia chai, akauliza: "Anaitwa nani?" Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza. Ndiye aliyenikumbusha kanuni ya Mtakatifu Ignasi wa Loyola, kwamba wakati wa ukiwa usibadilishe uamuzi ulioufanya ukiwa na amani. Usiandike barua ya kuacha upadre usiku wa Jumapili umechoka, wala usiape kubaki asubuhi ya mafungo machozi yakiwa hayajakauka.

Alinieleza pia habari za Henri Nouwen, padre Mholanzi aliyefariki 1996, ambaye mafundisho yake ya kiroho wengi wetu tuliyasoma seminarini. Aliishi Kanada katika jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili. Mwishoni mwa 1987 urafiki mmoja uliomshika moyo ulikatika, naye akavunjika kabisa. Aliondoka jumuiyani karibu miezi sita akatafuta msaada wa kitaalamu, kisha akarudi, akaendelea na upadre mpaka kifo. Kwamba alivutwa na wanaume walijua marafiki wachache. Walioandika maisha yake waliliweka wazi baada ya kufa kwake. Nilisikitika kwamba nilikuwa nimemsoma miaka yote hiyo bila kujua kwamba maumivu yale yalikuwa ndugu wa maumivu yangu.

Ukiona ni kuondoka, ondoka kwa mlango. Unaandika ombi, linapitia kwa askofu hadi Roma, maana kanuni ya 291 inasema kufunguliwa useja kunatoka kwa Papa peke yake. Inachukua muda, na jamaa zako watasema mengi. Ila mtu aliyepewa ruhusa hajatoroka, bado ni mkatoliki, na hata akikuta mtu anakata roho barabarani, anaruhusiwa kumwondolea dhambi. Wanaoondoka hivyo nawaheshimu sana, kuliko nilivyojiheshimu mimi Jumatatu zile.

Na mtu akikutisha kwamba ana picha au ujumbe wenu, usimlipe, hasa usiguse sadaka. Nenda kwa wakili kabla ya kujibu chochote.

Mimi nilibaki. Nilimwambia mwenzangu tukiwa Kigamboni, tumekaa kwenye benchi la mama muuza chipsi. Nilimwambia nimeamua kuishi ahadi yangu, sitakuwa navuka tena Jumatatu. Nikamwambia na ya msiba, kwamba sikwenda kwa woga, kazi ilikuwa kisingizio. Nikamwambia na ya pantoni, kwamba niliulizwa nikasema simjui.

Akajifuta vidole, akasema, "Hilo nililisikia. Nilikuwa hatua tatu tu."

Hatukuonana kwa miezi mingi. Kisha akaandika kwamba familia inataka misa ya kumbukumbu ya mama, mwaka umetimia, kama naweza kwenda. Nilimpigia paroko wa kule nikaomba ruhusa, nikasafiri mchana kweupe, kola shingoni. Tuliadhimisha uani, chini ya mwembe, majirani Waislamu wakiwa wamekaa pembeni kwenye mikeka. Baada ya misa shangazi yake akaniletea maji ya kunawa, akauliza, "Baba, na huyu mtoto wetu mmefahamiana wapi?"

Nikasema, "Dar, mama. Ni rafiki yangu."

Yeye alikuwa anakusanya viti. Akasimama kidogo na kiti mkononi, kisha akaendelea kukusanya.