D kuchelewa kushika asubuhi

Pima oili ya giaboksi kwanza, usikubali mtu ashushe giaboksi yenyewe. Gari kuukuu ya otomatiki ikichelewa kushika D (gia ya kwenda mbele) ikiwa baridi, halafu ikitulia ikipata moto, mara nyingi oili imepungua au sili za ndani (mipira inayozuia oili isipenye) zimekakamaa. Pima oili hiyo wakati injini imepata moto na inanguruma, gia iko P, ya kuegesha (Honda nyingi hupimwa zikiwa zimezimwa). Ikiwa nyekundu lakini pungufu, ongeza, kisha tafuta inapovujia. Ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, klachi za ndani ya giaboksi zimeanza kuisha. Oili mpya haitaziponya. Nimefungua giaboksi za kutosha, harufu ile haidanganyi. Ukipimiwa kwa mashine ikatoa P0700 peke yake, yaani kodi (namba ya hitilafu) inayosema tu kuna shida upande wa giaboksi, bado hujajua tatizo: itafutwe kodi nyingine inayoambatana nayo.